Kaka yangu alifika na damu 3.8

Kwa karibu miaka miwili kaka yangu akiwa anaumwaumwa, sisi wote nyumbani tuliuliza maswali mengi sana, ni malaria au taifodi, ni vidonda vya tumbo au kuna mkono wa mtu, ila swali moja hatukuwahi kuuliza, damu yake ni ngapi. Nasimulia kwa sababu najua saa hizi kuna mtu yuko visiwani Ziwa Victoria au hapa hapa mjini Mwanza, Igoma, Buhongwa, ana ndugu yake anaendelea hivyo hivyo na wanamnunulia panadol.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kaka yangu mkubwa yuko kisiwani Ukara, yeye ndo ananikusanyia mzigo kule kambini na kuupakia, mi naupokea huku. Ni mtu wa kazi, gunia la dagaa wakavu anabeba begani huku anapiga stori na watu. Basi akaanza kuchoka. Mwanzo tulisema umri, halafu akawa akipanda kutoka ufukweni kwenda nyumbani, na Ukara ni mawe matupu, anakaa chini mara mbili kabla hajafika mlangoni, anasema moyo unamdunda hadi anausikia masikioni. Duka la dawa la pale jirani lilimuuzia dozi ya malaria sijui mara ngapi bila kumpima. Halafu chini ya mbavu upande wa kushoto kukawa na kitu kigumu, ukigusa unakisikia, wazee wakasema bandama, akachanjwa chale, hadi leo makovu yake yapo. Na kuna kitu alikuja kukisema baadaye sana akiwa kitandani, kwamba miezi ya mwisho kuna siku alikuwa anapata choo cheusi tii, kinanata kama lami, na harufu yake sio ya choo cha kawaida. Hakumwambia mtu, si unajua mwanaume na mambo ya choo, ataanzia wapi kusimulia.

Ilikuwa mwezi wa tatu 2023, siku za giza, maana dagaa wanavuliwa usiku mwezi ukiwa haupo. Kaka hakuingia ziwani siku hiyo. Wifi anasema alikula ugali kidogo akalala, saa nane usiku akaamka anasema tumbo limejaa, akatoka nje akatapika. Wifi akamulika na simu, akadhani ni juisi ya rozela aliyokunywa jioni, akamulika vizuri akaona vipande vimegandamana kama maini. Akapiga kelele majirani wakatoka.

Usiku ule kivuko hakuna. Wakamlaza kwenye mtumbwi wa injini wakavuka upande wa pili. Mi mpaka leo nikipita lile eneo kati ya Ukara na Bugolora nakumbuka kivuko cha MV Nyerere kilivyozama pale 20 Septemba 2018 na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, sasa hapo fikiria wifi amekaa ndani ya mtumbwi usiku, kichwa cha mume wake kiko mapajani, ameshika ndoo.

Sehemu ya kwanza walipofika sitaitaja jina. Wauguzi walihangaika naye kwa moyo kabisa, ila mashine ya kupima wingi wa damu ilikuwepo na vitendanishi viliisha, damu ya kuongeza hamna, wakamtundikia dripu mbili za maji wakaandika rufaa. Wifi akanipigia alfajiri, wifi wameshamuongezea maji na amefungua macho, tunakuja. Na mimi nikashukuru Mungu, nikarudi kupanga ndoo zangu. Nilidhani dripu ni dripu. Mtu anayetoka damu kweli anahitaji maji kushikilia presha wakati damu inatafutwa, hilo nilieleweshwa baadaye, ila maji hayabebi oksijeni, na yakizidi yanazimua ile damu kidogo iliyobaki kama unavyozimua uji. Mtu kafungua macho, sisi tukahesabu amepona.

Wakaja kwa gari kupitia Rugezi, wakavuka Kisorya, Bunda, Lamadi, Magu, wakafika hapa Mwanza jioni. Nilikuwa getini. Waliposhusha machela sikumtambua kaka yangu mara moja, na sio kwamba alikondea sana, rangi ndo haikuwepo. Mtu mweusi anapopauka ni kitu cha ajabu kukiangalia, anakuwa kama majivu ya kuni. Sista mmoja mtu mzima akamshusha kope ya chini kwa kidole gumba, akaangalia, hakusema kitu. Halafu akashika kiganja cha kaka akakigeuza, akachukua na changu akakiweka pembeni yake, akaniambia, unaona mama? Changu kina mistari ya pinki ndani, cha kaka ile mistari yenyewe ilikuwa nyeupe. Akamtoboa kidole, tone moja, akaliingiza kwenye kimashine cha mkononi, haikufika dakika moja. 3.8.

Hizo ni gramu za hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, kwenye kila desilita ya damu. Nikauliza inatakiwa ngapi. Mwanaume mzima, 13 kwenda juu. Mwanamke asiye na mimba 12, mjamzito 11. Mtu mzima akiwa chini ya 8 hiyo inahesabiwa ni kali. Kaka yangu alikuwa na chini ya theluthi ya damu ya mwanaume, na mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa ananipakilia magunia.

Sasa kuna kitu kilinichanganya. Walimbana kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikasoma 97. Nikaona 97 kwa 100, si nzuri hiyo? Lakini mtu anahema kama ametoka kukimbia, mapigo 138, jasho, anataka kukaa sio kulala. Nikamwambia daktari, mbona mashine inasema yuko sawa. Daktari, kijana tu, akaniuliza, dada unafanya kazi gani, nikamwambia dagaa Mwaloni. Akasema basi utaelewa. Akaniambia chukulia damu ni boti zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini. Hiki kipimo kinaangalia boti zilizopo zimejaa kiasi gani. Za kaka yako zimejaa, 97 kwa 100, lakini badala ya boti 14 ana boti 4. Zote zinaondoka zimejaa na watu mwaloni bado wanakosa mzigo. Ndo maana moyo unakimbia hivi, unajaribu kuzungusha hizo boti nne mara nyingi zaidi, na moyo nao ni nyama, unachoka. Nikaelewa pale pale, na nikaogopa kuliko mwanzo.

Akaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Damu ilikuwepo mifuko miwili ya grupu lake benki, wakasema hii tunampa sasa hivi, nyie nendeni mkalete watu wa kuchangia, wengi kadri mnavyoweza.

Hapa ndo nataka nikae kidogo.

Nilipiga simu mpaka chaji ikaisha. Kwanza nilikuwa natafuta watu wa grupu O, kwa sababu kaka ni O, nikakataa watu wawili waliokuwa tayari kuja kwa sababu wao ni A na B. Ujinga wa kutokujua. Damu unayotoa wewe haimwingii mgonjwa wako moja kwa moja, inapimwa kwanza, UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, halafu inaingia benki kwenye friji, kwa hiyo mtu wa grupu lolote anafaa. Mifuko miwili iliyomuokoa kaka usiku ule ilishatolewa na watu ambao mimi siwajui, labda wanafunzi wa sekondari waliotembelewa na gari la Damu Salama, labda mama mmoja wa Nyegezi, sijui, waliitoa kabla kaka hajaanza kutapika. Damu ya kwenye mfuko inakaa siku 35 tu kwenye ubaridi, haiwekwi akiba ya mwaka, ndo maana wiki hii inaweza kuwepo na wiki ijayo friji tupu.

Halafu maneno. Baba mkubwa akasema damu inauzwa, nyie mnatoa bure wenzenu wanapeleka mjini. Shemeji mmoja akasema akitoa damu atazoea, kila baada ya muda lazima akatolewe la sivyo inazidi, sijui hii imani ilitoka wapi ila nimeikuta kwa watu wengi. Mwingine aliogopa kupimwa UKIMWI, huyu nilimuelewa na sikumsukuma. Mwisho tukafika watu sita asubuhi yake, na mimi mmoja wao, tumekaa kwenye benchi tumekunywa soda tayari.

Wa kwanza kupimwa mimi. Sista akanitoboa kidole, akaangalia, akarudia kidole kingine, akasema dada wewe huwezi, una 10.9 na tunataka angalau 12.5. Nilitaka kubishana naye. Mimi mzima, nalala saa tano naamka saa kumi, nabeba ndoo. Akaniuliza hedhi yangu inaenda siku ngapi, nikamwambia saba hadi nane na ni nzito, akaniuliza nakula udongo? Nikanyamaza, kwa sababu kwenye pochi wakati ule ule kulikuwa na udongo wa kutafuna ule wanaouza sokoni, na mchele mbichi nao natafuna nikiwa napika. Nilidhani ni tabia. Kumbe mwili ukikosa madini ya chuma unaanza kutamani vitu kama hivyo.

Kati yetu sita walitoa watatu. Mimi nina 10.9, mdogo wangu wa kike ana 9.8, na binamu yetu mmoja hakufika kilo 50. Tulikuja kumtolea damu mtu ambaye hana damu, na nusu yetu hatukuweza kutoa. Nimeliwaza sana hili. Ule utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana upungufu wa damu, na watoto chini ya miaka mitano 58 katika kila 100. Nilipoambiwa hizo namba na mpwa wangu anayesoma udaktari sikushangaa tena, nilikumbuka lile benchi. Tunalalamika damu hakuna hospitali, itoke wapi.

Mfuko mmoja ni kama mililita 450 na kwa mtu mzima unapandisha kama gramu moja hivi, sio zaidi. Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, mtu mwenye 3.8. Alipewa ile miwili ya mwanzo, sista alikaa naye dakika kumi na tano za kwanza za kila mfuko, anapima joto, anaangalia kama anatetemeka au anawashwa, jina na namba ya mfuko vinasomwa na watu wawili kwa sauti. Wifi aliruhusiwa kuingia dakika chache akatoka analia, anasema kucha zake zimeanza kuwa na rangi. Kesho yake akapewa wa tatu, akapimwa, 6.9. Halafu wa nne, 7.6. Halafu wakaacha.

Ukoo mzima ukawaka. Baba mkubwa akaingia kwa daktari na fimbo yake mkononi, daktari mwanangu, tumeleta watu, damu ipo, umesema mwanaume ni 13, mbona mnatuachia mtu na saba? Na mimi kusema kweli nilikuwa upande wa baba mkubwa, nilidhani wanatubania. Daktari alimpa kiti kwanza, akamwamkia, halafu akamwambia, mzee, unajua bomba la maji lililofungwa kiraka? Ukiwasha pampu kwa nguvu zote kiraka kinafanyaje? Mishipa ya kwenye koo la mwanao imevimba na imepasuka, sasa imeziba kidogo, nikimjaza damu presha ya ile mishipa inapanda inapasuka tena. Na damu ya mtu mwingine nayo ina hatari zake, siyo maji. Kuna utafiti ulifanyika Hispania ukatoka mwaka 2013, wagonjwa 921 wanaotoka damu tumboni, waliosubiriwa hadi washuke chini ya 7 ndo waongezewe walipona wengi kuliko wale walioongezewa mapema wakishuka tu chini ya 9. Baba mkubwa akauliza, kwa hiyo kidogo ni bora. Daktari akasema inayotosha ndo bora, mzee, 3.8 ilikuwa inamuua na 13 saa hizi ingeweza kumuua pia. Mzee akatoka akatuambia nyamazeni, kijana anajua kazi yake.

Wifi naye alikuwa na lake, kila asubuhi wanakuja na vichupa wanamchoma wanamtoa damu ya vipimo, akauliza, mtu hana damu mbona mnaendelea kumtoa? Alidhani watamcheka. Hawakumcheka, yule sista mtu mzima alisema ni swali la maana, vichupa vidogo ila mgonjwa akikaa wiki mbili tatu inakuwa damu ya kutosha, na kuanzia siku ile niliona wanachukua vya lazima tu.

Chanzo chake ni ziwa letu. Kichocho. Watu wa Ukerewe na Ukara tunakijua kichocho kama mafua, mtu anasema nilikuwa nacho nikiwa shule, basi. Vile vijidudu vinatoka kwa konokono walioko pembeni ya maji, vinaingia kwenye ngozi ukiwa umesimama majini unavuta kokoro au unafua, vinakwenda kuishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, vinataga mayai, mayai yanakwama kwenye ini miaka na miaka, ini linakuwa na makovu, damu inayotakiwa kupita kwenye ini inagoma, inarudi nyuma, bandama inavimba na yenyewe inaanza kula chembe za damu, na mishipa ya koo la chakula inavimba kama mishipa ya mguu wa mzee mpaka siku inapopasuka. Lile jiwe chini ya mbavu tulilolichanja chale lilikuwa linatuambia haya yote. Siku ya sita wakamuingiza kamera wakafunga mishipa minne kwa vipira vidogo, akaanzishiwa propranolol ya kushusha presha ya mishipa hiyo, akapewa na praziquantel, vidonge unavyopewa kwa uzito wako, ambavyo wanangu huwa wanapewa shuleni na mimi nilikuwa nawaambia wakitapika basi waache.

Veranda ya kusubiria tulikuwa watu wa kila mahali, Sengerema, Geita, Kwimba, kila mtu na mkeka na kapu. Ukikaa siku kumi pale unajifunza kusikiliza. Kila mgonjwa ana ugonjwa wake, huyu nimonia, huyu figo, huyu ajali ya bodaboda, huyu mtoto wa sikoseli amekua mkubwa, ila ndugu wanapotoka ndani wengi wanatoka na ile ile, wamesema damu yake ni tano, wamesema damu ni sita, tuchangie. Nilimuuliza daktari siku moja kama ni kawaida. Akasema wengi wanaingia ICU, kile chumba cha mahututi, tayari wamepungukiwa, na kadri namba inavyokuwa chini ndo nafasi ya kutoka mzima inavyopungua. Akasema sio kila mara damu yenyewe ndo inaua, saa nyingine damu ndogo ni alama kwamba ugonjwa umekaa mwilini muda mrefu, maambukizi yakikaa yanafungia chuma kisitumike hata kama kipo, kwa hiyo kuongeza damu peke yake hakuponyi. Ila mtu wa 11 akipata nimonia ana kitu cha kupigania, mtu wa 5 akiipata hiyo hiyo anaingia vitani mikono mitupu.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka ng'ambo, binti yake kajifungua akatoka damu nyingi, miaka ishirini na mbili. Kila mzazi anatoka damu kiasi, ila binti huyu alikwenda leba akiwa tayari na damu ndogo. Waliomleta walichelewa kuvuka. Alifariki siku ya pili tukiwa wote pale nje. Mama yake hakulia mwanzoni, alifungua fundo la khanga akatoa karatasi ya vidonge vyekundu, vile vya kuongeza damu vya kliniki, vyote vimo, havijatolewa hata kimoja, akatuonyesha mmoja mmoja, anasema alikuwa anasema vinamtia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi, mimi nikamwambia basi mwanangu pumzika. Nilimwambia pumzika. Alirudia hivyo mpaka mtoto wa dada yake akamshika.

Sitaki kusema kitu juu ya mama yule zaidi ya kwamba hata mimi mimba zangu tatu zote nilivitupa. Vinatia kichefuchefu kweli, na choo kinakuwa cheusi kweli, sio uongo. Weusi wa vidonge hauna shida, ni choo cha kawaida kimebadilika rangi tu, weusi wa kuogopa ni ule wa kaka, unaonata kama lami na kunuka vibaya. Ukinywa usiku baada ya kula kichefuchefu kinapungua, na kama vinakusumbua sana rudi kliniki useme wakubadilishie, usivifunge kwenye khanga.

Mimi nilianza vyangu mwezi ule ule. Nilipimwa minyoo, nikapewa dawa, nikaenda kwa daktari wa wanawake kwa ajili ya hedhi, na nikaacha kunywa chai na chakula. Hii ya chai iliniuma, maana mi ugali dagaa lazima niteremshie na chai ya rangi, kumbe chai inazuia chuma kuingia mwilini, sasa nakula na chungwa au ndimu na chai inasubiri saa nzima na zaidi. Vidonge nimekunywa miezi mitatu na ushee, hata baada ya kujisikia vizuri, kwa sababu akiba nayo lazima ijae. Hamu ya udongo iliondoka yenyewe, siku moja nikakuta ule wa kwenye pochi umevunjika vunjika na sikuwa nimeukumbuka wiki mbili. Mwezi wa tisa nikarudi kwenye lile benchi nikapimwa, 12.8. Nikatoa mfuko wangu wa kwanza. Haikufika hata dakika kumi na tano, nikapewa juisi na biskuti, nikarudi Mwaloni jioni nikafunga hesabu. Wanawake tunaruhusiwa kila miezi minne, wanaume kila mitatu, miaka 18 hadi 65. Nimeshatoa mara nyingi sasa na yule shemeji aliyesema damu inazoea naye ameshakwenda mara mbili.

Kaka alitoka siku ya kumi na tisa akiwa na 8.1. Ilipanda yenyewe polepole na vidonge na chakula, mwaka uliofuata ikafika 11. Anarudi kwa kamera kila anapoitwa, nauli ya meli ni yangu hiyo, sitaki kusikia habari ya msimu ni mbaya. Hasimami tena majini, anasimamia mizani na daftari tu, na watoto wake wakati wa kugawa dawa ya kichocho anawapeleka mwenyewe amewashika mikono.

Juzi alikuja na mzigo, boti imefika saa kumi na mbili asubuhi, vurugu tupu, watu wanagombania ndoo, mizani inalia, akashuka amevaa lile koti lake la mvua anacheka na wabebaji. Sikumpa hata shikamoo. Nikamvuta pembeni kwenye mwanga, nikamshusha kope ya jicho kwa kidole gumba kama yule sista. Pinki. Akasema, wewe, watu wote wanatuangalia. Nikamwambia geukia huku, na hilo la pili.